Zabibu Nayo Ina Kwao



Jumanne iliyopita nilikwenda stendi ya Msamvu, hapa Morogoro, kumpokea mgeni wangu. Nikiwa nasubiri, alinijia kijana mmoja, mikononi mifuko ya nailoni yenye zabibu. Akaniamkia vizuri.

“Shikamoo mzee. Zabibu hizi mzee, za Dodoma, tamu.”

“Marahaba, mwanangu. Ni zabibu gani?”

“Zabibu tu, mzee.”

“Najua. Za aina gani?”

Akauinua mfuko mmoja, akautazama kama ndiyo kwanza anauona. “Nyeusi,” akasema.

Nikanunua. Zilikuwa nyeusi kweli, punje ndogo, ganda gumu, mbegu ndani, utamu wenye ukali unaokuja nyuma. Mgeni akafika, tukaenda zetu nyumbani, lakini jibu lile halikunitoka kichwani, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Zabibu zile shambani zilikuwa na jina. Safari ya Dodoma hadi hapa ni kilomita kama mia mbili na sitini, na humo njiani jina limedondoka, likabaki tunda.

Najua pia nazungumza na nani. Wengi wenu hamgusi kilevi, wengine kwa imani, wengine kwa uamuzi wenu, na mimi sikuja kumshawishi mtu. Nazungumzia mmea na watu waliouotesha. Kinywaji kitatajwa kwa sababu ndicho kilichofanya mmea huu ulindwe kwa miaka elfu kadhaa.

Nianze na maneno. Kwa tunda hili na kinywaji chake tunayo maneno matatu, na yote matatu yameteremka kutoka kwenye vyombo vya baharini. Zabibu ni la Waarabu. Lakini Mwarabu akisema zabibu anakusudia iliyokaushwa. Ile mbichi ana neno lingine kabisa, inabu. Hapo unaona jambo: mzee wetu wa pwani alilijua tunda hili likiwa kavu, limefika na jahazi pamoja na tende, na siku alipoliona bichi akalipa jina lile lile alilozoea. Mvinyo ni la Wareno. Divai, ambayo Wakatoliki mnaisikia kila Jumapili, ni ya Wafaransa. Wao mvinyo ni vin, na ukitaka kunywa kiasi unasema du vin. Sikio la pwani likalipokea neno pamoja na kitangulizi chake, likatoka divai.

Wafaransa hao nisiwapite upesi, maana walifika mpaka hapa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walianza Unguja, wakajenga Bagamoyo mwaka 1868, na kufikia 1882 walikuwa wameweka misheni hapa Morogoro, chini ya milima hii. Misa haisomwi bila divai, kwa hiyo kila misheni mpya ilikuwa na haja ya zabibu kutoka mbali. Kati yao alikuwapo padri mmoja ninayempenda bila kumwona, Charles Sacleux, aliyefika pwani yetu mwaka 1879. Alikuwa na mapenzi mawili, mimea na maneno. Alikusanya majani, akayakausha, akauliza watu wanayaitaje. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilichapwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, naye akafariki 1943, na mpaka leo mtu akitaka kujua mti fulani wa pwani uliitwaje zamani anakwenda kuugonga mlango wa kamusi ile. Padri yule alijua kwamba mmea usioulizwa jina unapotea mara mbili, kwanza mdomoni, kisha shambani.

Sasa niingie kwa wageni wengine waliofika huku, Wagiriki. Kwenye Biblia wanaitwa Wayunani, mtaani Wagiriki, ni watu wale wale. Ninyi wazee wa Kilosa na Kimamba mnawakumbuka. Mjini hapa, barabara ya zamani ya Dar es Salaam, kwa miaka mingi ilikuwapo hoteli yenye jina la Acropol, na hicho ni kilima kilichoko katikati ya Athens. Jina la kilima cha Ugiriki chini ya milima ya Uluguru lilifikaje?

Walianza kuja enzi za Wajerumani, na wengi waliletwa na reli. Walikuwa makandarasi wadogo, watu wa kukata tuta na kujenga madaraja. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikafika Kigoma 1914. Vita ya kwanza ilipokwisha, mashamba ya Wajerumani yakauzwa kama mali ya adui, na katika miaka ya 1920 Wagiriki walikuwa miongoni mwa walioyanunua. Mkonge ukawatajirisha baadhi yao. Mmoja, George Arnautoglu, alitoa fedha za kujenga ukumbi pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ambao watu wa mji wanauita Anatoglo, na humo ndimo Mwalimu Nyerere alipochaguliwa kuongoza chama cha TAA mwaka 1953.

Lakini kwa nini mtu aache nchi ya mizeituni na bahari aje kufyeka pori la Kimamba? Sababu ziko nyingi, na kila mmoja alikuwa na yake. Moja kubwa iliyowasukuma Wagiriki wengi kutoka kwao, hasa kwenda Marekani, ilikuwa ni zabibu. Nataka niikalie hii kidogo.

Kuna zabibu nyeusi ndogo sana zinazokaushwa, zinazolimwa kusini mwa Ugiriki. Jina lake katika lugha za Ulaya limetokana na Korintho, Korintho ile ile ya waraka wa Paulo. Miaka ya 1860 kilifika Ufaransa kidudu kutoka Amerika, kidogo kama chawa, kinachonyonya mizizi ya mzabibu mpaka unakufa. Kikateketeza mashamba ya Wafaransa mkoa kwa mkoa. Wenye viwanda vya mvinyo wakakwama, wakaanza kununua zabibu kavu za Ugiriki, wakaziloweka na kutengenezea mvinyo. Bei ikapanda. Wakulima wa Peloponnese wakaona huo ndio mlango wa riziki, wakang'oa mizeituni iliyopandwa na babu zao, wakapanda zabibu za Korintho hadi kwenye vilima. Kisha Wafaransa wakapata dawa: wakabebesha mizabibu yao juu ya mashina ya Kiamerika ambayo mizizi yake inamstahimili yule mdudu. Mashamba yao yakafufuka, na mwaka 1892 wakaweka ushuru mzito kwa bidhaa za nje. Mwaka uliofuata bei ya zabibu kavu ikaporomoka, na Desemba hiyo ya 1893 serikali ya Ugiriki ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Vijana wakaanza kupanda meli.

Sasa sikilizeni hili. Mwaka huo huo wa 1893, Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge huku kwetu. Aliiagiza Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mashamba makubwa ya mkonge ya nchi hii asili yake ni hiyo sitini na miwili. Mzungu aliuita sisal kwa jina la bandari ya Mexico ulikosafirishwa. Sisi tulikuwa na mmea wetu wa porini, wenye majani marefu magumu, tuliokuwa tukitoa nyuzi za kamba, ukiitwa mkonge. Tulipoona mgeni huyu anatoa nyuzi kama yule, tukampa jina la mwenyeji.

Jina tulimpa, ila hatukuwa na la kufanya naye zaidi. Mkonge hauliwi. Huwezi kuuchemsha njaa ikija, wala kumpikia mgeni. Ulilimwa kwa kipimo cha mtu wa mbali, na manamba waliokuja kuukata walitoka mbali vilevile: Wabena, Waha, Wangoni, Wamakonde, wakiandikishwa na ofisi iliyoitwa Silabu. Waluguru wengi walibaki juu kwenye mashamba ya ukoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi hii ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, ikiongoza dunia. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi, Wagiriki wengi wakafunga mizigo. Nimepita Kimamba nikaona magofu ya nyumba za shamba, mabati yameliwa na kutu. Nikawaza yule mkulima wa Peloponnese aliyekata mizeituni yake. Yeye na mkata mkonge wa Kimamba hawakupata kujuana, na wote wawili walivunjwa na mtu wa mbali aliyebadili mawazo.

Hayo ni ya huzuni. Upande wa pili wa Ugiriki ndio unaonivuta.

Nchi ile ina aina zaidi ya mia mbili za zabibu zilizo asili yake, na nyingi zina mahali pake. Kiko kisiwa cha Santorini, mabaki ya volkano iliyolipuka yapata miaka elfu tatu na mia sita iliyopita. Udongo wake ni majivu na mawe mepesi. Mvua ni ya kubahatisha, upepo hausimami. Zabibu yao inaitwa Assyrtiko, nyeupe, yenye ukali unaobaki hata jua likiwaka namna gani. Mkulima wa huko hausimamishi mzabibu kwenye nguzo. Anausuka. Anayazungusha matawi chini kwa chini, mwaka hadi mwaka, mpaka yanakuwa kikapu kilicholala ardhini, na zabibu zinakua ndani ya kikapu, zimejikinga na upepo na mchanga. Usiku ukungu wa baharini unatua pale, majani yanakunywa. Yule mdudu aliyeua mizabibu ya Ufaransa hawezi kuishi katika majivu yale, hivyo mashina ya Santorini ni yale yale ya kale, yanasimama kwa mizizi yake yenyewe, na mengine yamepita miaka mia.

Kaskazini, kwenye miteremko ya Naoussa, wana nyingine inaitwa Xinomavro. Xino ni chachu, mavro ni nyeusi. Watu wa Naoussa wamemwita mpenzi wao Chachu Nyeusi! Niliposoma hivyo nikamkumbuka kijana wa Msamvu. Kumbe alikuwa ameshafika nusu ya jina.

Na iko Malagousia. Hii ilikuwa inakwisha. Katika miaka ya 1970 profesa mmoja wa kilimo, Logothetis, aliikuta Nafpaktos, magharibi mwa nchi, vishina vichache kwenye bustani za watu. Akachukua vipandikizi, vikapandwa kwenye shamba kubwa la Porto Carras, na kijana aliyekuwa mtengeneza mvinyo pale, Vangelis Gerovassiliou, akaona utamu wa harufu yake, akaja kuipanda kwenye shamba lake mwenyewe karibu na Thessaloniki. Leo inalimwa sehemu nyingi za Ugiriki. Mtu mmoja aliuliza hiki ni nini, mwingine akakubali kupanda. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Mwaka 1971 wakaweka sheria. Chupa ikiandikwa Naoussa, zabibu ziwe za Naoussa na ziwe Xinomavro. Ikiandikwa Santorini, zitoke Santorini. Jina la mahali likawa mali ya waliopo mahali hapo.

Msidhani Wagiriki ni watu wa ajabu kwa hili. Wana mvinyo mmoja unaoitwa retsina, umetiwa utomvu wa msonobari. Zamani mitungi ilizibwa kwa utomvu huo ili hewa isiingie, ladha ikahamia kwenye mvinyo, watu wakaizoea, na leo mitungi haipo lakini utomvu bado unatiwa kwa sababu bila huo mtu wa Attica anaona amepunjwa. Wageni wakionja wanakunja uso. Sasa nenda Kilimanjaro. Mbege ya ndizi na ulezi hutiwa gome la msesewe, gome chungu la mti wa kandokando ya mito, na Mchaga atakwambia mbege isiyo na msesewe ni uji. Msonobari kule, msesewe huku. Iringa na Njombe wana ulanzi, unagemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua. Ukiwa mpya ni mtamu kama sharubati, ukilala unakuwa mkali na jina linabadilika. Pwani wana mnazi. Vinywaji vyote hivi vina kwao, na mwenyeji wake ukimnywesha cha mahali pengine anakuta kuna kitu kimepungua.

Mtaniuliza, basi na sisi wa Uluguru zabibu yetu ni ipi? Mzabibu hauipendi Uluguru. Upande wa mashariki, Kinole na Matombo, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na majani yasiyokauka ni karamu ya ubwiri. Dodoma wanapata milimita kama 570 tu, za msimu mmoja, halafu anga linafunguka na kukaa kavu miezi saba au minane. Huo ukame unaowatesa Wagogo kwenye mahindi ndio neema ya mzabibu. Wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia waliligundua hilo miaka ya 1950 walipopanda Bihawana, nje kidogo ya mji. Na kwa kuwa huku hakuna baridi kali ya kuulaza mmea, anayeuamsha ni mkulima mwenye mkasi. Siku anayopogolea ndiyo siku mwaka wake unapoanza. Miezi minne hivi baadaye anavuna. Kwa hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Naoussa hawezi hata kuliota.

Na ile nyeusi niliyonunua Msamvu? Nina hakika ni Makutupora. Makutupora ni mahali, kaskazini ya mji wa Dodoma, penye kituo cha utafiti wa zabibu. Zabibu ya mvinyo mwekundu inayolimwa zaidi kule ndiyo iliyobeba jina hilo. Ziko nyingine: Chenin Blanc ya Kifaransa kwa mvinyo mweupe, Syrah, na huko Hombolo Waitalia walileta za kwao, ikiwamo moja inayoitwa Aglianico. Hiyo Aglianico ina kisa chake, kwa sababu kwa muda mrefu watu waliamini jina lake limetokana na neno la kumaanisha Mgiriki, kwamba ililetwa Italia na walowezi wa Kigiriki wa kale. Wataalamu walipochunguza vinasaba hawakuukuta undugu wake na zabibu za Ugiriki. Ni mwenyeji wa Italia aliyeitwa mgeni miaka yote hiyo.

Katika zote hizo za Dodoma, yenye jina la Kitanzania ni Makutupora. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa sana. Mmea uliovuka bahari ukaitwa kwa kijiji cha Ugogo! Lakini nenda dukani, uliza Makutupora, uone utakavyotazamwa. Wakulima wenyewe wanavuna tunda lisiloweza kusubiri siku tano, wanunuzi ni wachache, wanalazimika kulikamua na kuweka mchuzi wa zabibu kwenye matangi, na miaka mingine mchuzi umekaa humo bila mnunuzi huku hotelini mezani pamewekwa chupa iliyotoka ng'ambo. Mkulima wa Mpunguzi au Hombolo anauza mchuzi usio na jina kwa mtu anayempangia bei. Nalisema hili kwa uchungu. Ninaona alama za zabibu ya Korintho.

Nirudi nyumbani, milimani. Jumamosi nilikwenda Soko la Chifu Kingalu, nikakaa na mama mmoja mwenye ndizi zilizoteremshwa kutoka Kinole. Safari hii nikauliza kwa utaratibu.

“Mama, nitajie hizi.”

Akaanza kuzigusa mkungu kwa mkungu. “Hii mzuzu. Hii mkono wa tembo. Kimalindi hii. Ile kule kisukari. Na hizi za chini ni bukoba.”

“Hii bukoba na mzuzu, mtu akikosea?”

“Hawezi kukosea baba, labda kama si wa huku. Mzuzu ukiichemsha unaijua kwa harufu kabla hujafunua sufuria.”

“Na zikifika Dar?”

Akacheka. “Zikipanda fuso ni ndizi.”

Nikaandika majina yale nyuma ya risiti. Baadaye nikayasoma tena na kitu kikanigusa. Kimalindi imebeba Malindi. Bukoba imebeba Bukoba. Zote zinaota Kinole, zinanyweshwa na mvua ya Kinole, mama wa Kinole anazipalilia kwenye ardhi ya ukoo wa mama yake, kama ilivyo kwa Waluguru. Hakuna hata mkungu mmoja unaoitwa Kinole.

Wala msiniambie kwamba jina la mahali halina faida kwa watu wetu, kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Ingia soko lolote la Dar es Salaam uulize mchele. Muuzaji hatakwambia mchele tu. Atakwambia huu wa Kyela, huu wa Mbeya, huu wa Kilombero, na bei zinapishana. Wapo wanaochanganya na kudanganya kwamba ni wa Kyela, na mtu hadanganyi kwa jina lisilo na thamani. Mama wa nyumbani hajasoma sheria ya Ugiriki ya mwaka 1971, lakini anaitumia kila mwisho wa mwezi anapokwenda kununua kilo kumi. Na mchele wa Kilombero ni wa mkoa wetu huu! Basi kama mchele umeweza, ndizi ya Kinole inashindwaje? Karafuu na mdalasini wa Matombo? Plamsi na pichesi za Mgeta, zinazoteremka Nyandira na kuuzwa Kariakoo kama matunda ya baridi, kana kwamba baridi ni mkoa?

Chuo Kikuu cha Sokoine kiko hapa, unakiona ukiwa mjini. Kila Agosti viwanja vya Nane Nane vinajaa wajasiriamali wanaosindika juisi na mvinyo wa choya, wa nanasi, wa ndizi, chupa safi, vifuniko vizuri. Nimesoma nembo zao moja moja. Nyingi zimeandikwa jina la mwenye biashara na namba ya simu. Ninachowaomba, ndugu zangu, ni mstari mmoja zaidi: nanasi hili limetoka kijiji gani, na ni la aina gani. Wanafunzi wa Sokoine mnaotafuta mada ya utafiti, pandeni Kinole, pandeni Tegetero, mkae na akina mama wenye umri wa bibi zenu, mwandike majina ya ndizi, ya viazi, ya maharage, kabla fuso halijayageuza yote kuwa mzigo. Padri Sacleux aliifanya kazi hiyo kwa miguu, bila gari wala simu.

Kwangu Kihonda nina mzabibu mmoja. Niliuleta Makutupora miaka mitatu iliyopita, kipande cha tawi chenye macho manne, nikakifunga kwa gazeti lenye maji. Kihonda ni tambarare na kukavu kuliko mlimani, nikajipa moyo. Ulishika. Ukapanda ukuta. Majani mengi, mazuri, na masika ikija unga mweupe unatanda juu yake, nayo yanajikunja. Vichala umenipa viwili tu mpaka sasa, na kimoja kililiwa na ndege.

Jirani yangu ni mama wa Kigogo, amezaliwa Hombolo. Wiki hii alipita akanikuta nimeshika ndoo, naumwagilia.

“Baba, unaudekeza,” akanambia. “Acha maji. Uache wiki tatu usikie kiu, halafu ukate.”

“Nikate kiasi gani?”

Akanyoosha kidole, akanionyesha mahali karibu kabisa na shina, pafupi mno kuliko ambavyo moyo wangu ungethubutu. Ndoo nimeiweka chini. Mkasi nimeuazima kwake, nao utakaa kwangu mpaka wiki ya tatu.